Chumvi Katika Kitambaa Chekundu

Wewe unayesikiliza, hebu jibu kwanza: ukikuta asubuhi wavu wako umekatwakatwa kama majani ya muhogo ya kupika sombe, na juu yake kumewekwa kifurushi cha kitambaa chekundu, utamtafuta mwenye kisu ama utamtafuta mchawi?

Watu wa Baraka, mji wa wavuvi kando ya ziwa, walimtafuta mchawi. Si kwamba ni wajinga. Kisu hakisemi neno, lakini kitambaa chekundu kinasema, na kila mtu pale ufukoni alidhani anaielewa lugha yake.

Ilikuwa Jumatatu, mwanzo wa giza la mwezi. Wavuvi wa ndagala, dagaa wa ziwani, hulingojea giza hilo, maana ndagala hufuata taa, na taa haina heshima mbele ya mwezi mpevu. Jioni ile Jérémie, kijana wa mzee Néhémie, alikuwa aingie ziwani kama nahodha kwa mara ya kwanza. Nafasi hiyo ilikuwa ya kaka yake Jacques. Ziwa lilimchukua Jacques mwaka uliopita, katika dhoruba, na halikurudisha hata kandambili yake. Sasa betri za taa zilikuwa zimechajiwa, mtumbwi umezibwa matundu, na vijana wa kuvuta wavu walikuwa wanasubiri tu jua lizame. Kumbe wavu wenyewe ulikuwa matambara.

OPJ Espérance alifika saa moja asubuhi, viatu mkononi kwa sababu ya mchanga. Yeye ndiye polisi wa kuchunguza makosa pale Baraka, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Fizi kule juu milimani. Kanisani aliimba sauti ya pili, na mkobani mwake siku hiyo kulikuwa na kipande chekundu cha sare mpya ya kwaya. Alipoona kitambaa kile juu ya wavu aliubana mkoba wake kwapani. Nusu ya wanawake wa Baraka walikuwa na vipande kama hivyo; rangi peke yake haikumshitaki mtu.

Akachuchumaa. Wavu ulikatwa kwa kisu kikali, upande hadi upande. Lakini maboya yake yalikuwa yamefunguliwa yote, yakapangwa pembeni juu ya jani la mgomba, moja baada ya jingine, hata mchanga haukuyagusa.

"Mwizi angeyabeba," alisema Espérance. "Na adui angeyatupa ku maji."

"Mama, achana na maboya," ilijibu sauti nyuma yake. "Angalia dawa."

Huyo alikuwa Mutumishi Dany, mwenye chumba cha maombi karibu na soko, mtu mrefu, sauti kama ngoma. Alikuwa amekwisha kukifungua kile kitambaa kwa ncha ya fimbo, watu wamemzunguka, naye akawasomea kama mwalimu mbele ya ubao.

"Nyekundu njo damu. Makaa njo kaburi. Ndoano njo kukamata roho ya muntu kama samaki. Kamba ya mafundo njo kufunga njia yake. Jérémie, walitaka ufe ku maji kama kaka yako!"

"Mungu wangu!" wanawake wakashika vichwa.

"Na nywele hii?" aliuliza mmoja.

Mutumishi Dany akainua shada dogo la nywele, refu, jeusi. Akaligeuza juani. "Hii hapana ya muntu. Hii ni ya ngombe."

Basi shingo zote zikageuka upande mmoja. Pale kwenye njia alisimama Nyiramana, mama wa watu wa milimani wanaofuga, na kidumu chake cha maziwa kichwani. Kila asubuhi hupita ufukoni kubadilishana maziwa na samaki. Na wote walikumbuka kwamba wiki iliyopita Jérémie alimcheka mbele ya watu, kwamba maziwa yake yana maji kuliko ziwa, naye akamjibu: "Hiyo ulimi yako itakuletea haya siku moja."

"Njo yeye!" kijana mmoja alipiga kelele, na jiwe likaanguka karibu na miguu ya mama yule. Maziwa yakamwagika begani kwake.

Katika makelele hayo Espérance alikuwa ameshika ile kamba. Akavuta ncha yake kidogo tu. Fundo la kwanza likateleza likafunguka. La pili likateleza. Vidole vyake vilikumbuka kitu ambacho kichwa chake kilikuwa kimekizika zamani, naye akaiachia kamba kama aliyeshika moto.

Komanda wa polisi, aliyekuja akifunga vifungo vya shati, alisema: "Mumufungie huyu mama mu kasho. Ni kwa kumulinda."

Espérance alikifunga kitambaa pamoja na vitu vyake, akakipeleka biro, na mama yule akafungiwa mahabusu.

*

Saa tatu alimuuliza Nyiramana maswali katika biro, ofisi ya polisi. Maziwa yalikuwa yamekaukia begani mwake, meupe kama chokaa.

"Ulikuwa wapi alfajiri?"

"Nilikuwa nakamua. Ngombe hainaga siku ya kupumzika, mama."

"Ulimutishia Jérémie."

"Nilimutukana. Kama kutukana ni uchawi, soko ya Baraka yote iingie mu kasho." Akapangusa bega. "Mi ni Mkristo. Kwetu majani ya kijani njo ya kuomba amani, maziwa njo ya baraka. Hiyo nyekundu yenu sijue inasemaka nini."

"Hawana haja ujue. Wanasema ni nywele ya ngombe, na wewe unachunga ngombe."

"Basi mwenye kuchunga mbuzi, mkipata ndevu, mutamufunga?"

Espérance akainamia karatasi yake, akaandika jibu hilo bila kuinua macho.

Kisha akamwita Raphaël, mvuvi aliyegombana na Jérémie kwa ajili ya mahali pa kutega. Raphaël hakuficha kitu. "Wavu yake ningeikata na furaha, mama OPJ. Lakini nguo nyekundu? Mi naogopa dawa kuliko naogopa polisi, unisamehe. Na jana yote mpaka leo asubuhi nilikuwa ku Nundu, ku matanga ya shangazi yangu. Uliza pasta, nililia mpaka nikamwaibisha." Pasta wa Nundu alipopigiwa simu alithibitisha yote, pamoja na kilio.

Mchana akapanda kwa mzee Néhémie. Alimkuta ameketi mbele ya jikoni, akifukuza nzi kwa usinga juu ya mikeke, samaki waliotandazwa wakauke. Mzee huyu ndiye aliyefundisha nusu ya mitumbwi ya Baraka kuvua. Husemwa kwamba hajawahi kurudi ufukoni kwa kuogopa upepo, na kijana aliyetaja upepo mbele yake aliitwa kuku.

"Muzee, wavu ni yako?"

"Ni yangu. Nilishona na Jacques."

"Unamudhania nani?"

Usinga ukasimama hewani. "Sijue."

"Mutumishi anasema ni mama Nyiramana."

"Mutumishi anasema mengi." Akaanza tena kufukuza nzi, mahali pasipo na nzi. "Huyo mama… wanamupatia chakula kule?"

Jérémie, aliyekuwa amesimama mlangoni na macho mekundu, alisema kwa hasira, "Baba, aliyeniroga anaulizwa kama amekula?"

"Hata mwizi anakula," alijibu mzee, bila kumtazama.

"Na wewe Jérémie," Espérance akauliza, "wavu ingine mutapata?"

"Baba mdogo ataniazima yake. Lakini vijana wamekataa. Hakuna mwenye ataingia ziwa na nahodha mwenye walifunga na dawa. Mpaka Mutumishi achome ile kitu mbele ya watu, na yule mama akubali makosa yake, ahame. Mutumishi alisema ni kesho kutwa."

Espérance alitoka na neno hilo: ahame. Na alijua vijana wa pale ufukoni hawatamwacha ahame kwa miguu yake tu.

*

Jumanne, saa sita, komanda alipokwenda kula, Espérance alifunga mlango wa biro na kukifungua kitambaa juu ya meza. Alishusha kwanza pazia. Alikuwa kama mtoto anayeiba sukari.

Babu yake, kule Fizi, alikuwa mfumu, mganga wa dawa za kienyeji. Watu walipanda milima kumfuata. Alipokuwa msichana mdogo aliketi kando yake, akimpa vitu alivyomwomba, naye akamfundisha polepole: dawa ni kufananisha. Kitu kinasimama mahali pa kitu. Nyekundu ni damu, nyeupe ni amani, fundo ni njia iliyofungwa. Kinachofanana na mtu kinamshika mtu, lakini lazima ndani kuwe na kitu kilichotoka mwilini mwake, la sivyo dawa ni kama mbwa aliyetumwa bila kuonyeshwa nyumba. Espérance alipobatizwa aliyafungia hayo yote. Hata katika kwaya alisema babu yake alikuwa mkulima.

Sasa akatazama. Kitambaa kilikuwa kipya, kigumu bado kwa wanga wa dukani. Hakikuwahi kugusa jasho la mtu. Akasugua kipande cha makaa kwa kidole: kidole kikabaki safi. Kaa lilioshwa. Ndoano ilikuwa imevunjwa ncha. Na katika mikunjo kulikuwa na chembe nyeupe. Akaweka moja ulimini.

Chumvi.

Akaketi. Chumvi inakata dawa, babu alikuwa akisema, maji yanazima, fundo la kuteleza halifungi hata kuku.

Alikuwa ameliona fundo lile likiteleza tangu Jumatatu. Neno moja lingetosha. Lakini komanda angeuliza, wewe umejulia wapi? Na mama wa kwaya wangeuliza. Kwa hiyo alikuwa ameacha mwanamke alale juu ya saruji, ili jina lake yeye lilale juu ya godoro.

Akaenda kasho. Nje ya mlango kulikuwa na sahani ya bugali na samaki.

"Nani analeta?"

"Muzee Néhémie," alisema Nyiramana kutoka gizani. "Jana na leo. Samaki muzuri. Lakini hanitazamake ku macho. Anaweka, anasema 'kula, mama,' anakimbia kama aliniibia."

Espérance alimpitishia lile shada la nywele kati ya vyuma vya mlango. "Ni ya ngombe yako?"

Nyiramana akalinusa. Kwa mara ya kwanza alitabasamu. "Inanuka moshi na samaki. Ngombe yangu hailalake mu jikoni, mama."

Moshi na samaki. Espérance alivaa viatu vyake vizuri, akapanda tena njia ya kwa mzee Néhémie. Mzee hakuwapo. Usinga wake, wa nywele za mkia wa ng'ombe, ulining'inia juu ya jiko la kukaushia samaki, mweusi kwa masizi ya miaka. Hakuugusa. Alitazama tu upande wake wa chini, ambapo nywele zilikuwa fupi ghafla, zimekatwa sawasawa kwa kisu.

*

Jumatano, saa nne asubuhi, ufuko ulijaa. Mutumishi Dany alivaa kanzu nyeupe, petroli ikawa tayari katika chupa ya maji. Nyiramana aliletwa kati ya polisi wawili. Vijana walipiga makofi kwa mdundo: "Ahame! Ahame!" Mzee Néhémie alisimama pembeni, usinga mkononi.

Espérance akaingia katikati. Alikuwa amekishika kile kitambaa na vitu vyake vyote.

"Mutumishi, kabla ya kuchoma, tuisome vizuri. Mwenye kumufunga muntu anatiaka nini ya muntu ule?"

"Nywele yake," alijibu Dany haraka. "Ao kucha, ao nguo yenye jasho yake. Kila muntu anajua."

"Nywele hii ni ya nani?"

"Ni ya ngombe!" watu waliitikia.

"Basi wamefunga ngombe," alisema Espérance, na mzee mmoja nyuma akacheka, kicheko kikaenea kidogo. "Jérémie, kuja hapa. Shika kitambaa. Uliwahi kuivaa? Inanuka jasho yako?"

Jérémie akanusa. "Hapana. Ni mpya."

"Mutumishi, shika makaa. Onyesha watu kidole."

Dany akasugua, akatazama kidole chake, akasugua tena. "Ni safi."

"Waliiosha. Moto wake walizima na maji. Ndoano, angalia: wamevunja mdomo. Sasa wewe, Raphaël, we ni mvuvi, vuta kamba hii."

Raphaël alirudi nyuma hatua. "Mama, nilikuambia naogopa…"

"Vuta!"

Akavuta kwa vidole viwili. Fundo, fundo, fundo, yote yakateleza, kamba ikanyooka mkononi mwake. Uso wake ukabadilika. "Hii ni fundo ya sisi," alisema polepole. "Ya kufungia mutumbwi kwa haraka."

"Na hapa mu mikunjo," Espérance akamalizia, "kuko chumvi. Bamama, chumvi inafanyaka nini na dawa?"

"Inakata," walijibu bamama, wakitazamana.

Espérance akakiinua kitambaa juu, wote wakione.

"Huu ni uchawi wenye waling'oa meno, moja moja. Adui hawezi kutia chumvi. Na mwenye haamini dawa hawezi pia, angejisumbua juu ya nini? Aliyetengeneza hii anaiogopa dawa, na anamupenda Jérémie sana. Anajua fundo ya wavuvi. Alikata wavu, lakini maboya hakuweza kuyatupa chini, akayalaza ku jani kama batoto. Na nywele hii inanuka moshi na samaki."

"Na wewe?" Mutumishi Dany alidakia, amechomwa moyoni. "Polisi, muimba kwaya, ulijifunzia wapi hii yote?"

Hilo ndilo swali alilokuwa akilikimbia tangu Jumatatu. Espérance aliwageukia mama wa kwaya.

"Kwa babu yangu, Fizi. Alikuwa mufumu. Niliwaficha. Jumatatu, hapa hapa, niliona fundo inateleza, nikanyamaza juu ya haya yangu, na huyu mama akalala mu kasho." Akamgeukia Nyiramana. "Makosa ni yangu. Unisamehe."

Nyiramana alimpima kwa macho, polepole, toka viatu mpaka kofia. "Ile tutaongea," alisema, "nikishakunywa chai."

Kisha Espérance akanyoosha mkono kwa mzee Néhémie. Mzee alitazama mkono ule, akatazama mwanawe, kisha mwenyewe akauweka usinga juu ya kiganja cha Espérance, bila kulazimishwa. Espérance alililaza shada pale penye pengo. Liliingia kama jino katika ufizi wake.

"Baba?" alisema Jérémie.

"Ni mi," alisema mzee. "Kisu ni yangu. Wavu ni yangu."

"Na kitambaa, muzee? Juu ya nini?"

"Wavu wataazima, nilijua. Lakini nahodha mwenye walifunga, hakuna kijana ataingia naye. Njo nilifikiri hivyo." Mikono yake ilikuwa inatafuta usinga ambao hakuwa nao tena. "Lakini naogopa dawa. Kama ingeshika kweli? Nikaosha makaa. Nikavunja ndoano. Nikatia chumvi. Ilibaki nywele. Alikuwa amelala, nikashika kisu karibu na kichwa yake… mukono ikakataa. Nikakata ya usinga. Sikufikiria ngombe, wala muntu wa ngombe. Nilifikiria tu, isikuwe ya mutoto wangu."

"Na walipomushika huyu mama?"

"Nikasema mu moyo, kesho nitasema. Kesho nikaleta samaki. Kesho tena samaki." Akainamisha kichwa. "Kila siku nilipika samaki mahali pa neno."

Petroli ikawekwa chini. Vijana waliokuwa wakipiga makofi walitazama vidole vyao vya miguu. Komanda alikohoa, akawaonyesha polisi wake wamwachie Nyiramana, nao wakaruka pembeni kana kwamba hawakuwahi kumshika.

Jérémie alimsogelea baba yake. "Baba, we njo ulinipatia kasia. Nilikuambia siku moja naogopa upepo, ukaniita kuku mbele ya wenzangu. Sasa unanifanyia hii? Ulitaka nini?"

Mzee akafungua mdomo. "Ile wavu, mwanangu, ilikuwa imezeeka… na upepo wa mwezi huu, unajua, unatokaka upande wa kusini… na hawa vijana wenzako hawajakomaa…"

"Muzee," alisema Nyiramana.

Hakuinua sauti, lakini wote walisikia. Alisogea akasimama mbele yake, na doa la maziwa lililokauka begani.

"Acha upepo. Mi nililala chini siku mbili juu ya neno moja yenye haukusema. Sasa liseme, na mi nilisikie."

Mzee Néhémie akamtazama machoni, kwa mara ya kwanza. Kisha akamgeukia Jérémie, na mdomo ule uliowaita vijana wengi kuku ukafunguka tena.

"Usiende ku ziwa, Jérémie," alisema. "Jacques alienda. Nilitaka we ubaki."